Nani Akae na Nani: Kumchagulia Siklidi Mkubwa Wenzake wa Tangi

Siklidi wengi wa akwariamu huuzwa wakiwa watoto. Oska wa sentimita 6, Jack Dempsey wa sentimita 4 na mtoto wa managuensis mwenye madoa ya kuvutia hukaa kwenye kioo kimoja bila ugomvi, na mnunuzi huondoka na wote watatu akiamini wataishi hivyo siku zote. Wengine huegemea methali ya samaki mkunje angali mbichi: wakikua pamoja watazoeana. Kwa siklidi haiendi hivyo. Wametulia kwa sababu hakuna aliyepevuka. Wakishapevuka, yule waliyelelewa naye ndiye anayekuwa mpinzani wa kwanza, maana ndiye aliye karibu.

Kwa hiyo hesabu zote hapa chini zinaanza na samaki aliyekomaa, si yule unayemwona dukani. Tunawazungumzia siklidi wanaofikia sentimita 20 na kuendelea: ndugu wa mbali wa sato na perege, waliotoka Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na maziwa makuu ya Afrika.

Hatua ya 1: Mjue uliye naye

Usianze kutafuta wenzake kabla hujajua yeye mwenyewe atakuwa nani. Andika mambo matatu: urefu wake akikomaa, asili yake, na hasira zake.

Oska (Astronotus ocellatus) hufika sentimita 30 hadi 35, na katika miezi ya mwanzo anaweza kuongezeka sentimita 2 au 3 kila mwezi. Ni mkubwa kwa umbo lakini kwa tabia si mgomvi sana. Tatizo lake ni mdomo. Katika kundi hili la wakubwa wenye utulivu waingize pia severamu (Heros efasciatus), Geophagus wanaochekecha mchanga kutafuta chakula, na Cyrtocara moorii wa Ziwa Malawi mwenye nundu kwenye paji la uso.

Wa kati kwa ukali ni Jack Dempsey (Rocio octofasciata), aliyepewa jina la bondia kwa sababu zinazoeleweka, Andinoacara rivulatus anayeuzwa kwa jina la Green Terror, na Herichthys cyanoguttatus wa Texas na Mexico, ambaye ndiye siklidi pekee aliye mwenyeji wa asili wa Marekani. Hawa wanaweza kuishi na wengine, ila kwa masharti.

Kisha kuna wale ambao swali la wenzake karibu halina maana: Parachromis managuensis anayepita sentimita 40, Parachromis dovii anayeweza kufika 70, Amphilophus citrinellus na nduguye labiatus kutoka maziwa ya Nicaragua, na flawahoni, chotara aliyetengenezwa na wafugaji. Wapo wanaofaulu kuwaweka na wengine, kwenye matangi makubwa kama vidimbwi. Kwa mfugaji wa kawaida, nafasi ya samaki hawa ni tangi la peke yao, nami sioni haja ya kulizungusha jambo hilo.

Kumbuka tu kwamba spishi inakupa makadirio, si hakikisho. Yupo oska anayefukuza kila kitu, na yupo Jack Dempsey anayejificha nyuma ya gogo maisha yake yote. Utakayeishi naye ni huyo mmoja, si wastani wa spishi yake.

Hatua ya 2: Pima tangi kabla ya kupima samaki

Urefu na upana wa sakafu ya tangi una uzito kuliko kimo. Siklidi hugawana ardhi. Anayekimbia hukimbia kwa mlalo, hapandi juu. Tangi refu la kwenda juu lina lita nyingi lakini halina pa kukimbilia.

Oska mmoja peke yake anahitaji kama lita 280 hadi 300, yaani tangi la urefu wa sentimita 120 hivi. Akiwa na wenzake, anzia sentimita 180 kwa 60. Chini ya hapo unaweza kuongeza kambare mmoja wa chini, basi. Kwa kundi la siklidi wakubwa wa Malawi au la frontosa, siklidi wa Ziwa Tanganyika, sentimita 180 ndio mwanzo.

Usisahau uchafu. Samaki mkubwa anakula sana na anatoa amonia nyingi, na kila mwenza unayemwongeza anaileta ya kwake. Chujio lizungushe maji ya tangi zima mara 6 hadi 10 kwa saa. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu huo, ziwe sifuri. Nitrati jitahidi isipite miligramu 40 kwa lita, na ikibaki chini ya 20 ni vizuri zaidi. Ukiona kwamba hata kwa kubadilisha asilimia 40 ya maji kila wiki nitrati bado inapanda, tangi limeshajaa hata kama kwa macho linaonekana tupu. Oska hasa hulipia maji machafu kwa vidonda na mashimo kichwani.

Hatua ya 3: Maji yawafae wote wawili

Hapa pana uamuzi rahisi, kwa hiyo tusichelewe. Siklidi wa Amazon wametoka kwenye maji laini, yaani yenye madini machache, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 6 hadi 7 hivi. Wa Amerika ya Kati huzoea maji magumu kiasi, pH 7.2 hadi 8. Wa Malawi wanataka 7.7 hadi 8.6, na wa Tanganyika karibu 9. Oska na frontosa, basi, hapana. Juu ya hapo, amonia ileile huwa na sumu zaidi pH inapopanda, kwa hiyo tangi la Kiafrika lililojazwa kupita kiasi humwadhibu mfugaji mapema zaidi.

Lishe nayo iko hapahapa. Mbuna, siklidi wadogo wa miambani wa Ziwa Malawi, wana utumbo mrefu wa kula mwani wa mawe. Ukiwalisha chakula kizito cha protini cha oska, hupata uvimbe wa tumbo na kufa. Na samaki wa dhahabu, ambaye watu hupenda kumtupia oska kama rafiki au kama kitoweo, ni wa maji ya baridi, hubeba magonjwa, na mwili wake una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Hafai kwa lolote kati ya hayo mawili.

Hatua ya 4: Kanuni ya mdomo

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

Siklidi mkubwa hafikirii urafiki. Chochote kinachoingia mdomoni ni chakula, na mdomo wa oska hufunguka kuliko unavyodhani, kisha koo lake lina taya za pili za kusagia. Kipimo chepesi ni hiki: mwenza awe na urefu usiopungua nusu, na bora theluthi mbili, ya siklidi mwenyewe, na mwili wake uwe na kimo. Samaki mwembamba wa sentimita 12 humezwa kwa urahisi kuliko samaki mpana wa sentimita 9. Ndiyo maana mikunga wadogo na samaki wenye umbo la kalamu hutoweka usiku, na mwenye tangi huanza kutazama nyuma ya meza akidhani wameruka.

Lakini kuna hatari iliyo upande wa pili, na hiyo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Kambare wadogo kama Corydoras na Synodontis wana miiba mgongoni na kwenye mapezi ya kifua, na wakikamatwa huisimamisha na kuifunga. Oska humkamata Corydoras, humwingiza nusu, miiba inafunga, na hapo hawezi kumeza wala kutema. Mara nyingi hufa wote wawili. Kwa hiyo usijidanganye kwamba kambare atajilinda kwa miiba. Miiba inamlinda pale tu ambapo ni mkubwa kiasi cha kutojaribiwa kabisa. Synodontis wa sentimita 15 ni mwenza mzuri. Wa sentimita 5 ni mtego.

Chromobotia macracanthus, yule mwenye mistari mitatu myeusi juu ya mwili wa rangi ya chungwa, ana mwiba unaochomoza chini ya jicho, naye anahesabiwa hivyohivyo. Anakua polepole sana. Mlee kwenye tangi lake hadi afikie sentimita 12 au zaidi ndipo umhamishe.

Hatua ya 5: Jaza ngazi ambazo siklidi hawazitumii

Siklidi mkubwa hukaa katikati na chini. Mwenza asiyegombea eneo hilo, asiyefanana naye umbo wala rangi, huachwa. Anza na waogeleaji wa juu na wa katikati waendao kwa makundi, kwa sababu wanafanya kazi mbili: wanaligawanya jicho la mkali asimwandame mmoja, na utulivu wao humwambia siklidi mwoga kwamba hakuna hatari, kwa hiyo naye hutoka mafichoni.

Kwa upande wa Amerika ya Kusini, Metynnis ndio chaguo langu la kwanza. Wana umbo la sahani, hufika sentimita 15, wana mbio, na wakiwa 6 au zaidi hawaonewi. Watakula kila jani uliloweka, lakini kwenye tangi la siklidi wakubwa majani hayakai hata hivyo. Barbonymus schwanenfeldii wa Asia ni mgumu na mwepesi, ila hufika sentimita 30 na anahitaji tangi refu kwelikweli. Kwenye maji magumu ya Kiafrika, Melanotaenia boesemani hufaa pamoja na siklidi wa Malawi wasio wawindaji wakali.

Jihadhari na wanaofanana nao. Paku mdogo anakaribia kufanana na Metynnis na mara nyingine huuzwa bega kwa bega naye. Metynnis huishia sentimita 15, paku mweusi anaweza kupita sentimita 70. Kambare mwenye mkia mwekundu (Phractocephalus) hupita mita moja. Huyo hata siklidi wako ni kitoweo chake.

Kwa sakafuni, kambare wa magamba magumu (Pterygoplichthys) ni wa kawaida, hufika sentimita 40, na ngozi yake humwezesha kustahimili vishindo. Ana kasoro moja: akiwa na njaa, usiku hujibandika ubavuni mwa samaki mpana aliyelala na kumkwangua ute wa ngozi. Ukiona alama za mviringo zilizopauka kwenye ubavu wa oska, mshuku yeye. Mpe tango au boga taa zikishazimwa, na gogo la kukwangua. Wengine wa sakafuni wanaofaa ni Polypterus, samaki wa kale wenye magamba mazito na wanaopumua hewa. Macho yao hayana nguvu na wanakula kwa kunusa, kwa hiyo siklidi huwamalizia chakula, walishe usiku. Chagua wanene kama Polypterus endlicheri kuliko wembamba.

Hatua ya 6: Siklidi kwa siklidi

Ukitaka siklidi wawili au watatu wa aina tofauti, tofautisha kila kitu: rangi, umbo, mahali wanapokaa. Oska na severamu na kundi la Geophagus ni mchanganyiko wa siku nyingi, na unafanya kazi kwa sababu kila mmoja ana shughuli yake. Oska na Jack Dempsey huwezekana kwenye sentimita 180 kama oska ni mkubwa kuliko mwenzake. Jack Dempsey na rivulatus, wote wa kimo kimoja, wote wanaotaka pango lilelile: huo ni ugomvi ulioununua mwenyewe.

Usimchanganye Thorichthys meeki na wakubwa wakali. Anatanua koo lake jekundu na vifuniko vya mashavu kutisha, na kwa wadogo wenzake hilo hutosha. Kwa managuensis ni kelele tu. Vilevile kasuku mwekundu, chotara ambaye mdomo wake haufungi sawasawa, hawezi kuuma akajitetea wala kugombea chakula. Mweke na wapole.

Kwa Afrika kuna kosa moja linalorudiwa sana, la kudhani waliotoka ziwa moja wanapatana. Frontosa (Cyphotilapia) na Cyprichromis wote ni wa Tanganyika, na duka litakuuzia wote pamoja kwa fahari. Ziwani frontosa huwawinda Cyprichromis alfajiri, wakati wamezubaa bado. Ziwa hilohilo ndilo lenye kuhe, siklidi mkubwa kuliko wote duniani, na sidhani kuna atakayependekeza mwenza wa kuhe. Frontosa ni wazito na wanakula polepole. Wawekwe kundi la wenyewe kwa wenyewe, dume mmoja na majike kadhaa, mbali na samaki wa Malawi wenye pupa ambao watawamalizia kila punje. Nimbochromis wa Malawi nao ni wawindaji: livingstonii hujilaza chini kama mzoga, samaki wadogo wakija kuonja, anawarukia. Mbuna wadogo hawamfai.

Kwa wanaoatamia mayai mdomoni, dume mmoja awe na majike 3 au zaidi, la sivyo jike mmoja atafukuzwa hadi afe. Au fanya kama wengi wanavyofanya: madume matupu, kila mmoja wa aina na rangi yake, bila jike hata mmoja tangini. Jike mmoja akiingia kwa bahati mbaya, amani yote inakwisha.

Hatua ya 7: Kuwaingiza

Mgeni akae karantini wiki 3 hadi 4 kwenye tangi lake. Baada ya hapo, mpangilio wa kuingia ni huu: wapole na makundi ya waogeleaji kwanza, wa sakafuni wafuate, mkali awe wa mwisho. Mkali aliyetangulia huona tangi zima ni lake.

Kama mkali yumo tayari, siku ya kumwingiza mgeni lishe vizuri, hamisha mawe na magogo yote ili mipaka ya zamani ifutike, kisha mwachie mgeni taa zikiwa zimezimwa. Waingize wageni wawili au zaidi kwa pamoja kuliko mmoja mmoja. Panga mawe kwa namna ya kukata mstari wa macho: samaki akigeuka kona moja, anayemfukuza asimwone. Pango lenye mlango mmoja ni mtego. Liwe na milango miwili.

Kizuizi cha plastiki chenye matundu, kinachogawa tangi kwa siku 7 au zaidi, husaidia waonane kabla ya kugusana. Kiwe tayari kabla hujanunua samaki. Na tangi la akiba pia, lenye chujio linalofanya kazi, si la kwenda kutafutwa usiku wa manane.

Hatua ya 8: Kusoma ugomvi

Kufukuzana kwa muda mfupi, kutanua mapezi, kutetemesha mwili ubavu kwa ubavu, hata kushikana midomo na kusukumana kwa dakika moja mbili, ni mazungumzo ya kawaida ya siklidi. Acha waelewane.

Kinachotaka uingilie kati ni kingine: samaki anayesimama pembeni juu kabisa karibu na bomba la chujio, aliyepauka au kuwa mweusi, haji kula, anapumua haraka, mapezi yamechanika hadi kwenye shina, magamba yametoka. Mtoe siku hiyohiyo. Samaki aliyekata tamaa hupigwa na wote, hata na wale waliokuwa wapole. Akishapona, usimrudishe palepale bila kubadilisha mpangilio wa tangi. Pengine ni afadhali kumwondoa yule mkali kwa wiki moja au mbili. Akirudi, yeye ndiye atakuwa mgeni.

Mahesabu yote haya hubadilika jozi ikitaga. Amatitlania nigrofasciata wa sentimita 10 wakiwa na mayai humbana kona moja samaki mwenye ukubwa mara tatu yao. Siklidi wa Amerika hutaga juu ya jiwe, mayai huanguliwa baada ya siku 3 hivi, na vifaranga huanza kuogelea takriban wiki moja baadaye. Wazazi hulinda muda wote huo na kuendelea. Kwenye tangi la sentimita 120 eneo lao ni tangi zima. Una njia tatu: weka kizuizi, ondoa wengine, au toa jiwe lenye mayai. Ya tatu huleta utulivu wa wiki kadhaa tu, kisha wanataga tena. Mwangalie pia jike, kwa sababu dume aliye tayari kabla yake anaweza kumpiga hadi kumuua.

Samaki atakayekushinda mrudishe dukani au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa. Mtoni au ziwani hapana: oska na managuensis walioachiwa Florida wamezaana huko hadi leo.

Na kama ni dume asiyemvumilia yeyote, mwache peke yake. Siklidi mkubwa haugui upweke kama tunavyofikiri. Akikosa wenzake huhamishia shughuli zake kwako, huja kiooni unapopita, hula mkononi na kupanga upya mchanga kila siku. Mpe mawe yaliyokaa moja kwa moja kwenye sakafu ya kioo, chini ya mchanga, ili asiyachimbue yakamwangukia, na hita iwe ndani ya kifuniko cha plastiki au kwenye chemba ya chujio, kwa sababu akikasirika ndiyo ya kwanza kupigwa.